Mtoto ana mwaka mmoja, mgongo hajawahi kuujua

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wa wazazi na walezi huku Igoma, Mwanza. Nimeyaandika karibu vile vile nilivyoongea maana wengi mliomba.

Mwangaluka! Shikamooni mama zangu na mabibi, na nyie wenzangu habari za nyumbani. Asanteni kwa kunikaribisha. Kina baba mliokaa kule nyuma karibu na mlango nimewaona, msitoke, nina neno na nyie baadaye kidogo.

Wengi mnanijua, mimi ni fundi cherehani, nashona nguo za watoto na vibebeo vya kitenge, na kwa sababu hiyo kila siku kuna mama anakuja na mtoto mkononi ananiuliza swali lile lile kwa maneno tofauti. Huyu ana miezi kumi sijawahi kumbeba mgongoni, nikimjaribu anajinyoosha na kulia mpaka majirani wanatoka, yani nimeshachelewa au? Na wengine wanauliza kwa aibu, wanaongea chini chini, kana kwamba mama wa Kitanzania asiyejua kufunga mbeleko amevunja sheria fulani.

Jamani hujachelewa. Na aibu uitoe kabisa hapo.

Watu wanadhani huku kwetu kila mtoto anatoka hospitali moja kwa moja anapandishwa mgongoni, siku hizi siyo hivo. Kuna mama amejifungua kwa upasuaji, kidonda kikamsumbua, mgongo ukamsumbua, miezi ikaenda. Kuna aliyemaliza zile siku 84 za likizo ya uzazi akarudi kazini, mtoto akabaki na dada, sasa mwenye mgongo ni dada, mama akirudi jioni mtoto anamlilia dada, na hilo linauma mnisamehe, linauma sana. Kuna bibi ameletewa mjukuu wa mwaka na nusu kutoka Dar na begi moja la nguo, hamjuani, anaambiwa haya mlee. Kuna walezi waliopokea mtoto akiwa tayari anatambaa. Na kuna aliyenunua kigari kizuri cha matairi akiwa anakaa sehemu tambarare afu akahamia Bugarika, na nyie mnaijua Bugarika, mnaijua Mabatini kwa juu, mnaijua Isamilo, zile njia za mawe na ngazi, kigari kule unakibeba wewe pamoja na mtoto na mfuko wa soko. Sisi tuliojenga kwenye mawe tunahitaji mgongo, hakuna ujanja.

Sasa neno langu la leo ni hili moja. Mtoto mchanga unambeba tu, hana la kusema. Mtoto wa miezi tisa, kumi, mwaka, huyo ana la kusema, huyo mnakubaliana. Ukienda kwake na ile akili ya kumfunga haraka haraka uendelee na shughuli zako atakushinda, ana nguvu na ana sauti. Ukienda kwake kama mtu mnayetaka kufanya naye kitu pamoja, mengine yote ni kitambaa na fundo, yanafundishika.

Angalieni anavyofanya akikataa. Unamweka mgongoni, anakaza miguu, anasukuma mabega yako kwa ngumi zote mbili, anajivuta nyuma, anageuza kichwa kutafuta ardhi iko wapi. Mama anasema huyu hanipendi. Hapana mama. Huyu hajui hii kitu inaishia wapi, uso wako umepotea, mikono yako imepotea, na umri wenyewe ndio ule wa kuogopa kutengana, kuanzia kama miezi minane mpaka mwaka na nusu hivi watoto wengi ukitoka tu mlangoni wanalia. Sasa wewe umempeleka mahali ambapo hakuoni. Kumbe ile kulia kwake ndio sababu hasa ya kumzoesha, maana akishajua kwamba mgongoni ni wewe, ni harufu yako, ni sauti yako, hapo atapapenda kuliko mahali pengine popote.

Nilikaa na bibi mmoja, mjukuu wake alikuwa na mwaka na kidogo, kitenge kikimgusa tu anapiga ukelele. Tukaacha kabisa habari ya kumfunga. Nikamwambia bibi kile kitenge jifunge wewe kiunoni ukifagia, ukikaa kivue muwachie akivute, jifunikeni wote mcheze kujificha. Afu bibi akachukua chupa tupu ya maji akamfunga yule mtoto mgongoni kwa kipande cha khanga kuukuu, "haya na wewe beba wako". Mngemwona! Alizunguka ua mzima, anapigapiga chupa yake na mkono nyuma vile alivyoona watu wazima wanafanya. Ilichukua muda, sitawadanganya, lakini ikafika siku bibi amechuchumaa anachambua dagaa, mtoto mwenyewe akaja kwa nyuma akaegemea. Bibi hakusema kitu, akachukua kitenge.

Kwa hiyo mchezo kwanza. Afu anza ubavuni kabla ya mgongoni, khanga ipite bega moja, mtoto amekaa kwenye nyonga yako, anakuona uso, mkono wako mmoja umemzunguka. Hapo anajifunza kitambaa kukaza bila kukupoteza. Mkishaelewana hapo ndio mnaenda nyuma.

Na saa ya kuanza uichague. Awe ameshiba ila siyo ametoka kunyonya sasa hivi, atakucheulia shingoni. Awe ameamka vizuri, nepi kavu. Siku ya chanjo usianze, kwa mfano ile ya surua na rubella ya miezi 9 au ya miezi 18, anaweza akapata homa, mwili unauma, atakumbuka kitenge pamoja na maumivu. Usianze na siku una haraka ya kuwahi daladala.

Ukishamfunga usisimame! Hapa ndio wengi mnaharibu, mtu anafunga afu anaganda mbele ya kioo anavuta huku anavuta kule, mtoto anaona amebanwa na hakuna kinachoendelea, analia. Ondoka. Tembea, toka nje, mwonyeshe kuku, mwonyeshe watoto wa jirani, imba kile unachoimbaga, rekebisha kitambaa huku unaenda. Na umshushe angali anafurahia, hata kama ni dakika chache tu, ashuke akiwa bado anataka. Akilia zungukeni kidogo, akizidi kulia mshushe, mkumbatie, yaishe, mtajaribu tena. Kulazimisha mtoto wa umri huu ni kumfundisha kuogopa.

Sasa kufunga kwenyewe. Ntaelezea polepole na baadaye tutafanya hapa.

Mara za kwanza fanya ukiwa karibu na kitanda au juu ya godoro, na mtu wa pili asimame nyuma yako, siyo wa kuongea, wa kudaka. Mtoto awe anakaa mwenyewe bila kuegemea, asiyeweza hilo bado, huu mtindo wa mgongoni kwa mtu anayejifunza usubiri. Mweke ubavuni, mguu mmoja mbele mguu mmoja nyuma. Inama mbele mpaka mgongo wako ulale kabisa. Mkono mmoja unamshika nyuma, unamtelezesha chini ya kwapa lako mpaka afike katikati, miguu imepanuka kukuzunguka. Bado umeinama, usinyanyuke. Kitenge kitupie juu yake, pindo la juu lifike usawa wa mifupa ya mabega yake. Ncha moja inapita juu ya bega lako, ya pili chini ya kwapa la upande mwingine, au zote chini ya makwapa ukitaka. Vuta pindo la juu kwanza likaze, narudia, la juu kwanza, maana mtoto mkubwa akishtuka anajitupa nyuma na kinachomzuia ni hilo pindo. Afu pindo la chini, lichukue ulipitishe chini ya makalio yake liingie kati yake na wewe, kitambaa kitandazwe kutoka nyuma ya goti hili mpaka nyuma ya goti lile. Sasa amekaa. Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio. Nyanyuka taratibu, tikisika kidogo, kaza tena, funga fundo mara mbili kifuani. Ile ya kuviringisha na kuchomeka ambayo mama zetu wanafanya kwa mkono mmoja huku wanaongea na simu, hiyo muwaachie wenyewe waliozoea, wewe funga fundo.

Na akae juu. Mtoto mkubwa anataka kuona, aweze kuchungulia juu ya bega lako, ukimweka chini kiunoni anaona kitambaa tu na wewe anakuvuta kinyumenyume. Mnajua wenyewe gunia la mkaa likikaa juu likashikana na mwili linabebeka, likilegea likashuka kiunoni ndio linakuvunja.

Suala la miguu kupanuka kuna kina mama wanaogopa, wanasema atakuwa na matege. Sikilizeni, ule mkao wa mapaja yamepanuka na magoti juu ndio wataalamu wa nyonga za watoto wanaoupenda, kinachokataliwa ni kumnyoosha miguu ikabanwa pamoja, au vile vibebeo vyembamba vinavyomshika kwenye kinena tu miguu ikaning'inia. Jirani zetu Malawi, madaktari wa mifupa waliandika mwaka 2015 kwamba tatizo la nyonga za watoto kutokaa vizuri kule ni nadra sana, na wakasema huenda kubebwa mgongoni ndio kunasaidia. Huenda, ndivyo walivyosema, na mimi nasema hivo hivo. Na hasa inahusu miezi ya mwanzo, wa kwako wa mwaka mmoja nyonga zake zimeshakomaa zaidi, ila huo mkao bado ndio anaokaa raha na hauchoshi.

Uzito sasa. Hapa nataka mnisikilize maana naona kina mama wanaumia mgongo wanakata tamaa. Ukifuata ile chati ya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa kati wa miezi 9 ana karibu kilo 9, wa kike kilo 8 na kidogo, akifika miaka miwili ni kama kilo 12. Yule aliyeanza na mtoto wa kilo 3 na nusu, mgongo wake umekua pamoja na mtoto, kila wiki gramu kidogo. Wewe unaanza na kilo 9 kwa mpigo, siyo kwamba wewe ni dhaifu, hukupewa ngazi. Kwa hiyo jipe ngazi, leo kuzunguka nyumba, kesho mpaka kwa jirani, baadaye sokoni. Na habari njema ni kwamba kutoka hapo anaongezeka polepole, kilo 3 tu kwa zaidi ya mwaka mzima, mgongo wako unamkuta. Ukiokota kitu piga magoti, usiiname kiuno. Ukiwa mjamzito tena fundo likae juu ya tumbo, lisipite tumboni, na ukiwa na kidonda cha upasuaji au mgongo una historia ongea na watu wa kliniki kwanza.

Kitambaa. Khanga nzuri mpya ya pamba inafaa kabisa, shida ni ile ambayo imefuliwa miaka, inue kwenye mwanga, ukiona mwanga unapita kwa mistari mistari hiyo ifanye ya kupangusia. Kitenge cha pamba ni bora zaidi kwa mtoto mzito, ni kipana na kinashika. Vile vya kuteleza sivipendi, fundo linalegea lenyewe huku unatembea wala husikii.

Vibebeo vya mikanda vya mtumba vipo vingi, vinashuka kwenye mabelo na mtu anauza kwa bei ya chee, na vingine ni vizuri kuliko nachoshona mimi. Ila kabla hujatoa hela kishike. Klipu za plastiki zifunge na kufungua mara nyingi zilie "ta", afu zikunje kidogo uangalie ufa, plastiki iliyopigwa jua miaka inakuwa nyeupe nyeupe na inavunjika. Vuta mkanda wa bega pale unapoungana na mwili wa kibebeo, vuta kwa nguvu zako zote usione aibu kwa muuzaji, ukiona uzi unachungulia kiache au kilete kwa fundi yeyote mwenye mashine nzito na uzi wa nailoni, akipige mshono wa boksi wenye msalaba katikati. Soma lebo uzito wa mwisho ni kilo ngapi. Na kipime kwa mtoto, kisipofika goti mpaka goti ni kidogo kwake hata kama ni kizuri namna gani.

Wapo wanaonunua hivo vya mikanda kwa sababu wanaona khanga ni ushamba. Kuna mama wa Kimarekani, Ann Moore, nesi, alikwenda Togo miaka ya 1960 na Peace Corps, lile shirika la Wamarekani wa kujitolea, akaona kina mama wa kule na watoto mgongoni, wametulia. Aliporudi kwao akapata mtoto akataka kumbeba vile akashindwa kufunga, mtoto anateleza, basi akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda, na mwaka 1969 wakakipatia hati miliki, kikaitwa Snugli. Hicho unachokiona cha kisasa baba yake ni kitambaa cha Afrika Magharibi. Chukua unachokiweza, usidharau kilichopo kabatini kwako.

Kina baba sasa. Nawaona mnaangaliana. Mtu anaogopa akipita na mtoto mgongoni kijiweni watasema amekaliwa. Mtoto wa mwaka ana kilo karibu 10, nani kati yenu wawili ana mgongo mpana? Kama khanga inakutia aibu chukua cha mikanda, vaa, pandeni mlima na mwanao aone ziwa kutoka juu. Mtoto aliyezoea migongo miwili akiumwa usiku mnapokezana, mama analala. Hili silisemi kwa utani, nimeona nyumba zimepona kwa hilo tu.

Mambo ya hatari nayasema bila kuzunguka. Bodaboda na mtoto mgongoni hapana. Najua tunafanya, najua kutoka hapa mpaka mjini ni mbali na hela ya bajaji hakuna, lakini ukiangushwa kwa nyuma wa kwanza kugusa lami ni yeye, na ncha ya khanga ikiingia kwenye cheni au tairi inakuvuta wewe na yeye. Panda daladala, mshushe mgongoni, mpakate. Kwenye mtumbwi au boti mfungue kabla hujapanda, kila mtu na jaketi lake la kuokolea, huwezi kuvaa jaketi sawasawa na mtoto amefungwa mwilini, na yeye akiwa amefungwa hawezi kuelea peke yake. Jikoni, mafuta yanachemka, sufuria ya ugali, mtoto wa miezi kumi ana mkono mrefu kuliko unavyodhani na anaunyoosha usipouona. Kaanga ukiwa huna mtu mgongoni. Wale mnaoanika dagaa pale Mwaloni, jua la pale linapiga kutoka juu na linarudi kutoka kwenye maji, mfunike kichwa, mvue sweta maana kitambaa na mgongo wako tayari ni nguo mbili, mshushe kivulini mara kwa mara anyonye.

Akilala kichwa kitaanguka nyuma, pandisha pindo likamshike kisogo, lakini pua na mdomo viwe wazi siku zote. Humwoni, kwa hiyo tumia kioo cha dirisha, tumia kamera ya simu, muulize mtu. Gusa miguu, ikiwa baridi au imebadilika rangi kitambaa kimekata nyuma ya goti, legeza.

Na mshushe. Huyu ni umri wa kutambaa, wa kushika stuli asimame, wa kuokota kila kitu. Anahitaji sakafu na mkeka kama anavyohitaji mgongo. Dada wa kazi akimfunga asubuhi mpaka saa nane ili afanye kazi zake siyo kubeba huko, na wa kulaumiwa ni yule aliyempa dada kazi za watu watatu.

Kuna mama hapa mbele amenyoosha mkono, anasema wakwe wanamwambia atadeka. Mama, mtoto wa mwaka akishiba kubebwa anakuomba mwenyewe umshushe, utaona miguu inaanza kupiga mbavu zako. Anaondoka, anakwenda kucheza, akiogopa kitu anarudi. Waambie wakwe waje jioni waangalie.

Haya. Vitenge viko pale mezani, godoro lile pale chini. Wenye watoto wenye njaa nyonyesheni kwanza, mwenye wa kwake ameshiba na ameamka apite, na baba mmoja kutoka kule nyuma aje asimame hapa wa kudaka.